Matanga ya Fisi Aliye Hai

Bisha kama unataka. Wapo waliobisha kabla yako, wenye shule zao na miwani yao, wakaishia kuniomba nirudie kutoka mwanzo. Ninachosema ni kwamba vita vya dunia nzima, vilivyowashinda majemadari wote, huku kwetu vilimalizwa na Sungura, tena bila kumpiga mtu kofi. Alivimaliza kwa kulia msibani. Na marehemu alikuwepo, amekaa, anamsikiliza.

Mvua zilikatika. Mabwawa yakawa matope, matope yakawa nyufa, na kila mnyama akaanza kumtazama jirani yake kama ndiye aliyekunywa maji yote. Simba akasema mto ni wake. Tembo akasema mto hauna mwenyewe, kwa hiyo ni wake. Wakagombana hao wawili, na kwa kuwa kila mmoja ana ndugu na wakwe huku na huko, ugomvi ukatambaa nyikani, milimani, hadi kwenye misitu ambako hata hawajui mto huo unapita wapi. Pweza alimkaba Kaa huko baharini, na alipoulizwa sababu akasema anamtetea Simba. Pweza huyo Simba hajawahi hata kumwona.

Kambi ya Simba ilikuwa ukingo huu wa mto mkavu, ya Tembo ukingo ule. Sungura alikuwa huku, si kwa kupenda. Alikamatwa shambani kwake akafanywa mpagazi, yeye na shemeji yake Digidigi, wakawa wanabeba mizigo ya jeshi kichwani mchana kutwa. Wengine wanasema Digidigi alikuwa mrefu kabla ya vita.

Ghala la nyama alipewa Fisi. Usiniulize nani alimpa Fisi funguo za nyama. Vita vina mambo yake. Kila msafara ulipoingia, Fisi alionja kwanza kuona kama kuna sumu, halafu akaonja tena kuhakikisha. Majeruhi walipopita mlangoni kwake aliwatazama kwa huruma ya mtu anayesubiri. Askari wote walikonda. Yeye alinenepa mpaka shingo ikapotea.

Asubuhi moja Simba akatangaza shambulio la mwisho. Kesho jua likichomoza jeshi litavuka mto, wapagazi wakiwa mbele, ili Tembo achoke kuwakanyaga hao kabla hajafikiwa na askari wenyewe. Alilisema hilo kama anawafanyia hisani. Digidigi akauliza kwa adabu kama hakuna namna ya suluhu. Simba akamkumbusha amri ya kambi: anayetamka neno hilo ni mwoga, na waoga anawala yeye mwenyewe, wabichi. Digidigi akasema samahani, alikuwa anakohoa.

Sungura akatumwa maji. Kisima pekee kilichobaki kilikuwa katikati ya mto, mahali pa kunyatia na kukimbia. Akamkuta Ngiri, mpagazi wa upande wa Tembo, amejilaza kwenye matope anaimba. Sungura akajibanza nyuma ya jiwe.

"Toka huko, masikio yanaonekana," Ngiri akasema. "Unajificha nini na vita vimekwisha?"

"Vimekwisha lini?"

"Ina maana hamjaambiwa? Wakubwa wa ukoo wa Simba na wa Tembo huko mbali walishapatana. Kwetu alikuja Kunguru na habari, kwenu alitumwa Korongo. Sisi tumefunga mizigo, tunawangoja. Tembo hataki kuvuka, msije mkadhani anawashambulia. Ila tunashangaa, mbona mnanoa makucha?"

Sungura alirudi na ndoo tupu na kichwa kimejaa. Korongo hakuonekana kambini. Au alionekana, akapokewa na yule anayepokea kila kinachoingia, yaani Fisi. Vita vikiisha ghala linafungwa, na ghala likifungwa Fisi anarudi kuguguna mifupa jalalani. Lakini nani amwambie Simba? Kabla sentensi haijafika katikati, msemaji angekuwa ameshamezwa. Na mpagazi haruhusiwi kukanyaga ndani ya ghala.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo vita havikulifuta. Ukoo wa Sungura na ukoo wa Fisi ni watani. Mtani wako akikutukana, unacheka. Akikuta chungu chako jikoni, anapakua. Ukifa, yeye ndiye anayekuja kuiga mwendo wako mbele ya wafiwa na kubeba vyombo vyako, na hakuna wa kumzuia. Kumkasirikia mtani ni mwiko.

Basi jeshi lilipokaa kula mchana, Simba juu ya kichuguu, Fisi pembeni akigawa vipande vyembamba kama majani, Sungura akaingia uwanjani amejipaka majivu, mikono kichwani, analia.

"Mtani wangu amekufa. Fisi wangu mie. Nani atatuonjea sumu sasa?"

Simba akacheka, na wengine walipoona inaruhusiwa wakacheka pia. Fisi naye akacheka, maana ndiyo desturi. Sungura akaeleza jinsi marehemu alivyokutwa na mauti: alimeza mfupa pamoja na mwenye mfupa. Akachukua kijiti akampima Fisi urefu wa kaburi, akawauliza wafiwa kama tumbo litachimbiwa la kwake. Wapagazi, Digidigi akiwa mbele, wakaitikia wimbo wa kilio. Wakabeba mkeka wa Fisi. Wakabeba kibuyu chake. Fisi anacheka tu, anawaambia wachukue, hatarudi tena kuvidai. Mpaka Sungura alipogeukia mlango wa ghala.

"Ghalani hapana," Fisi akasema.

"Marehemu anaongea," Sungura akawaambia wafiwa. "Jamani, mfunikeni."

"Nimesema hapana. Gusa mlango huo nikutafune, wewe na shemeji yako."

Matisho walishayazoea. Lakini mtani kumkasirikia mtani, tena msibani? Hata Nyumbu, ambaye huelewa mambo kesho yake, siku hiyo alielewa palepale. Simba akaacha kutafuna.

"Utani wenyewe mzuri hivi," alisema taratibu. "Sasa umekuuma wapi? Fungueni."

Nyuma ya marundo ya ngozi walimkuta Korongo, miguu imefungwa kamba, mdomo umezibwa kwa tambara. Alikuwa mzima, tena amenona, kwa sababu Fisi alikuwa anamtunza kwa ajili ya sikukuu. Walipomfungua, Korongo aliomba maji kwanza, halafu akasema alichotumwa: vita vimekwisha, silaha chini, kila mtu kwake.

"Nani ameshinda?" Simba akauliza.

Korongo akasema ujumbe haukufika huko. Simba akafikiri, akasimama, akatikisa manyoya ya shingo, akatangaza kwamba ameamua kumsamehe Tembo. Walimpigia makofi. Siku ile hakuna aliyeona haja ya kumsahihisha.

Jioni majeshi mawili yakakutana katikati ya mto mkavu. Simba na Tembo walisimama wakitazamana, hawajui la kufanya bila ugomvi, mpaka Tembo akauliza watoto hawajambo. Nyati mmoja wa huku alimpa Nyati wa kule kipande cha pembe, akamwambia, "Hii ni yako, nilikutunzia." Wakakaa pamoja, kila mmoja akitafuta habari za ndugu zake upande wa pili, na wengine hawakuzipata.

Fisi akahukumiwa kubeba mizigo ya wapagazi wote hadi majumbani kwao. Mwendo ulikuwa mrefu, na ndiyo maana hadi leo kiuno chake kimeshuka nyuma. Sungura alikuta shamba lake limekuwa pori. Mkewe alimtazama kwanza miguu, ahakikishe si mzimu, ndipo akamkaribisha ndani. Funzo lenyewe ni dogo tu: ukimwona mtu ananenepa vita vikiendelea, usimpe yeye kazi ya kupokea wajumbe.

Hapo ndipo huwa naishia, na watu humshangilia Sungura. Lakini kwa kuwa hukubisha sana, nikwambie nilichokiruka. Sungura alipotoka kisimani hakwenda kutafuta majivu. Alikwenda kwanza mlangoni pa ghala, akamnong'oneza Fisi kwamba anajua kila kitu, na kwamba atanyamaza kama kesho ataachwa nyuma kulinda ghala, na akipewa fungu lake la chakula. Kuhusu shemeji yake hakusema neno. Fisi akakubali yote, akamkatia mnofu mnono kuliko yote iliyokuwemo, akajua kazi imekwisha. Sungura akauangalia ule mnofu. Yeye anakula majani.

Fisi angekuwa na fungu moja tu la mchicha humo ndani, mpaka leo tungekuwa vitani.