Chausiku Achagua Gari

Mzee Kiondo, tajiri wa yadi ya kununua na kuuza magari Tanga, alisifia hata magari mabovu, na gari likishatoka getini halikurudishwa. Asubuhi moja alifika Chausiku, mama wa watoto watano.

"Shikamoo mzee. Ukiletewa gari kama lile lako jekundu pale, utanunua?"

"Marahaba. Sinunui. Lile linakunywa mafuta kama ngamia."

"Na shemeji yangu akileta kama lile jeupe?"

"Gia zake hufa upesi."

"Na mama mkwe, kama hili la kijivu?"

Kiondo aliinuka kitini, akiogopa mwingine asimuwahi. "Hili halili mafuta, wala halijui fundi. Alilete leo leo."

"Basi niuzie hilo," alisema Chausiku, kicheko kikimbana. "Kwetu hakuna mwenye hata baiskeli."