Kabla ya Pole, Soma Bima

"Kabla ya pole, soma bima." Mmeisikia leo darasani, mkaambiwa maana yake ni kwamba mgonjwa akiumia mikononi mwako, ufunge mdomo. Nani kawafundisha upuuzi huo? Kaeni. Methali hii ilizaliwa kwenye kituo chetu cha afya kule Rungwe, nilipokuwa metroni, na aliyeitamka kwanza ni mimi, tena kwa hasira ambayo mpaka leo haijanitoka.

Tulikuwa na tabibu, Leokadia Mbwilo, mwepesi wa mikono na mpole kwa wagonjwa. Alikuwa na bima ile inayomlinda mtaalamu wa afya anaposhitakiwa na mgonjwa. Alipoikata, wakala alimfunulia ukurasa wa mwisho, akamwonyesha pa kutia sahihi, naye akatia. Kurasa kumi na nane za Kiingereza zikaingia kwenye droo bila kusomwa. Msicheke, nanyi ndivyo mnavyofanya.

Siku moja akaletwa kijana, Lusajo, kaanguka na pikipiki, mguu umevunjika. Leokadia akamfunga hogo, ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa, akawaambia wazazi wamrudishe upesi vidole vikivimba. Walimrudisha siku ya nne, vidole vimeshakuwa vyeusi. Hospitali ya mkoa wakaukata mguu. Kama hogo lilikaza mno au wazazi walichelewa, hilo lilikuwa la mahakama kuamua, si langu. Leokadia alikwenda kumtazama, akamshika mama yake mkono, akamwambia, "Pole sana, mama." Wewe ungesema nini?

Wazazi wakashitaki, na haki ya kuuliza walikuwa nayo. Leokadia akaipelekea kampuni ya bima habari. Akaja Bwana Kahwa, mshughulikiaji wa madai, akamuuliza aliwaambia nini wale wazazi.

"Niliwapa pole," akajibu.

Bwana Kahwa akaandika kwa Kiingereza kwamba tabibu ameomba radhi, kwa hiyo amekiri kosa bila ruhusa ya kampuni, na kifungu cha tisa kinakataza. Kampuni haitamtetea wala haitamlipia. Akishindwa kesi, nyumba anayoishi na mama yake mzazi itauzwa. Tena akamwonya asizungumze na watu wale kuanzia siku hiyo.

Jamani! Tangu lini pole ikawa radhi? Aliyejikwaa tunampa pole, aliyefiwa tunampa pole, hata anayetoka shambani. Huyo wa shambani nani kamkosea?

Lakini Leokadia aliogopa. Lusajo alipoletwa kubadilishiwa bandeji, alimhudumia bila kumwangalia usoni. Mama yake akangoja, akangoja, mwisho akasema, "Tabibu, siku hizi hata pole hutupi?" Leokadia akainamia mkasi wake. "Basi ni kweli," mama akasema. "Ulimharibu mwanangu, na unajua."

Nilikuwa mlangoni, nikayasikia hayo kwa masikio yangu. Nikaenda kwenye droo ya Leokadia, nikautoa ule mkataba, nikaazima kamusi, nikasoma siku mbili. Kifungu cha tisa nilikiona, kimekaa chini kabisa ya ukurasa. Nikafunua. Juu ya ukurasa uliofuata kiliendelea: kumfariji mgonjwa au jamaa zake hakuhesabiwi kuwa ni kukiri kosa.

Nilimwita Bwana Kahwa. Nikamwekea ukurasa mbele yake.

"Soma."

Akasoma. Akavua miwani.

"Hili ulikuwa unalijua?" nikamuuliza.

"Metroni, mkataba ni mrefu. Sisi nasi..."

"Nimekuuliza ulikuwa unalijua au hukulijua?"

"Sikufunua ukurasa. Poleni sana."

"Hapana, Bwana! Wewe usitupe pole. Wewe omba radhi, maana wewe ndiye uliyekosa! Na siku nyingine, kabla ya pole, soma bima!"

Wauguzi waliokuwa nje walisikia, na kufikia jioni kituo kizima kilikuwa kinaisema.

Kampuni ikaichukua kesi, nyumba ikapona. Leokadia akaenda kwa akina Lusajo kupeleka pole aliyoizuia. Mama yule alimpa kiti, akampa na maji, ila hakumjibu neno. Majuma saba ya kunyimwa pole na mtu aliyemfunga mwanao hogo kwa mikono yake hayafutwi na kifungu. Leokadia alirudi analia, nami nilikasirika upya. Nilimkasirikia Kahwa, nikamkasirikia wakala, na nikamkasirikia Leokadia mwenyewe, kwa sababu ruhusa ya kusema alikuwa nayo siku zote, kwenye droo yake.

Sasa mwende mkamwambie mwalimu wenu. Methali haisemi badala ya pole. Inasema kabla. Kabla ni siku ile unapopewa kalamu utie sahihi: soma mpaka ukurasa wa mwisho, usichokielewa uliza, wakala akinuna mwache anune. Siku ya kusimama mbele ya mama wa mgonjwa, muda wa kusoma umekwisha, na yeye anangoja neno moja tu.

Kabla ya pole, soma bima. Kisha pole uitoe.