Kizingiti cha Mzee Shomvi

Maji usiyoyapokea paani, utayapokea chumbani. Mnaitamka vizuri, wajukuu zangu, ila asili yake hamuijui. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia mtaani kwetu bondeni, nilipokuwa nimetoka kumzaa mama yenu.

Kila masika kichochoro chetu kilijaa maji. Dawa ya watu ilikuwa moja tu: kila mtu aliinua kizingiti cha lango lake, maji yamfuate jirani wa chini. Wa chini kabisa alikuwa mama mkwe wangu, Bi Kidawa. Mwaka uliotangulia maji yalifika kitandani kwake. Safari hii kitanda kile tulikilalia mimi na kichanga, bado tuko ndani ya arobaini, na niliogopa sana.

Bi Kidawa hakuinua kizingiti. Yeye ndiye aliyetunza masufuria ya shughuli, yale makubwa ya kupikia pilau ya mtaa. Akayapandisha kilimani, akayapanga chini ya mapaa ya watu pamoja na mapipa, maji yakingwe kabla hayajafika kichochoroni. Walimcheka, lakini wakamkubalia. Mzee Shomvi tu, mwenye paa kubwa kuliko wote, alikataa.

"Mvua ni ya Mungu, Bi Kidawa. Mimi nimeileta?"

"Mungu ameileta paani kwako. Kwangu unaileta wewe."

"Kizingiti changu kinanitosha."

Mvua ikaja asubuhi, ile ya watu kutosikilizana. Kwetu maji yaliishia barazani. Kwa Mzee Shomvi, maji ya paa lake yalijaa uani, kizingiti kikayazuia kutoka, yakaingia chumbani. Godoro likaelea. Akashika sururu akivunje kizingiti chake.

Bi Kidawa alimkuta langoni, akapanda juu ya kizingiti akasimama.

"Ukivunja, maji yote yanamshukia mzazi na mtoto. Sitoki hapa."

"Basi nife maji, dada yangu?"

"Hapana. Masufuria niliyoliwekea paa lako sikumpa mtu. Shika ndoo."

Majirani wakaja na mapipa. Wakakinga, wakachota, hadi mvua ikachoka yenyewe. Mzee Shomvi akakaa juu ya kinu, kanzu inachuruzika, akasema, "Kumbe maji usiyoyapokea paani, utayapokea chumbani." Watu wakacheka, naye akacheka. Mwezi uleule akajenga tangi, na wengine wakamfuata.

Sasa inukeni. Mlizamu wa kuteremshia maji ya paa la nyumba hii umezibwa na majani tangu juzi, na wingu lile mnaliona. Maji usiyoyapokea paani, utayapokea chumbani.