Imeiva?

Mpo macho? Basi sogezeni mikeka, maana mtu wa leo hakujua kutulia.

Palikuwa na Kyungu, fundi wa kuyeyusha shaba, na mkewe Ngoie. Shaba ilipowaishia, Kyungu akapanda mlima uliokuwa ukinguruma, mtaimbo begani, miguu ikimwasha. Ndani ya mlima zimwi lilikuwa likichemsha maji. Mvuke ulipenya kwenye nyufa, ukaulainisha mwamba mgumu hadi ukawa mweupe kama unga wa muhogo, na kila ulipopoa uliacha shaba kidogo.

Kyungu akagonga. "Zimwi, imeiva?"

"Bado."

Akauzunguka mlima, akang'ata kucha, akagonga tena. "Imeiva?"

"Bado!"

Akauzunguka mbio. "Imeiva?"

"Bado, mwanadamu! Hii hupikwa hadi mito isahau njia zake."

"Aa, wapi! Tanuru langu nikilitoboa, shaba hutoka yenyewe." Akauchoma mtaimbo mwambani.

Pwaaa! Mvuke ukammeza. Ukampenya puani, ukamwingia mifupani, ukamlainisha. Ulipopoa, Kyungu alikuwa mwamba mweupe wenye mishipa ya kijani.

Ngoie akaja kumtafuta mumewe. Akauona mtaimbo, akaiona ile mishipa ya kijani, akajua ni shaba. Akagonga taratibu. "Imeiva?"

Sauti aliyolala nayo miaka yote ikajibu kutoka mwambani: "Bado, mke wangu. Tulia."

Ngoie akauweka mtaimbo chini, akaketi. Na hadithi yangu imeketi papo hapo, ubavuni pake.