Kiboko Aliyeng'ang'ania Mchi

"Paukwa."
"Pakawa kisanduku cha kioo."
"Kioo kina nini?"
"Kina madirisha."
"Na dirishani?"
"Mlafi kakaa."

Kakaa kweli, tena kakaa vibaya. Sikilizeni.

Zamani, kompyuta zilipoanza kuonyesha picha na madirisha badala ya maandishi matupu, ndani yake waliishi wanyama, kila mmoja na dirisha lake na kazi yake. Lakini kinu kilikuwa kimoja, mchi mmoja, na bila kutwanga kazi haiendi. Basi desturi ikawa: twanga kidogo, weka mchi chini, mwenzio aokote. Twa twa, weka. Twa twa, weka. Wakapokezana upesi hata mtu wa nje akadhani wote wanatwanga pamoja.

Siku moja Nyenje alikuwa na barua ya Bi Mgeni, karani aliyeketi nje mbele ya kioo, kurasa tisa, bado haijahifadhiwa. Kiboko alikuwa na picha ya ua. Akashika mchi. Twa twa, twa twa, twa twa. Haweki. Saa ya pembeni mwa kioo ikasimama. Bi Mgeni akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Mkono ukaelekea kwenye swichi, na umeme ukizimwa kurasa tisa ndiyo kwaheri.

Wanyama wakamsihi Kiboko. Akawauliza nani wa kumnyang'anya, na sheria imeandikwa wapi. Na haikuandikwa popote! Watu wazima na elimu zao walijenga nyumba wakategemea adabu ya kiboko. Mmemwona wapi kiboko mwenye adabu?

Nyenje akakumbuka jambo. Anayetaka kumwuliza mtu wa nje lolote lazima kwanza aweke mchi, maana swali hupelekwa kwa mikono miwili.

"Mjomba Kiboko," akasema, "ua lako zuri. Ila sijui kama Bi Mgeni kalipenda."

"Atakosaje kulipenda?"

"Mimi nyenje tu, nitajuaje? Muulize mwenyewe."

Kiboko akaweka mchi, akapeleka swali: Je, umelipenda?

Nyenje kaudaka mchi. Twa twa, kurasa tisa zikahifadhiwa. Bi Mgeni naye akajibu swali: Hapana. Dirisha la Kiboko likafungwa, pu.

Tangu hapo Nyenje hukaa juu ya kinu. Akilia nyee, mchi chini, utake usitake.

Hadithi yangu nimeitwanga, kinu nimekifunika. Aliyeshiba zamu ya mwenzake na atapike.

Funzo? Ukishika mchi, mwanangu, usimwulize mtu kama unampendeza. Twanga tu.