Nguchiro, Kiboko na Ramu Mbili Ndogo

Hodi hodi ya ngano!
— Karibu, ivue viatu!
Iketi wapi?
— Hapa mkekani, katikati yetu!

Haya, sogeeni. Siwema, mpishe mwenzio. Ngano hii sikuitunga mimi. Aliyenipa mara ya kwanza ni wifi yangu Mwanakheri, aliyekuwa akiuza uji mlangoni pa fundi kompyuta. Mimi kusoma sijui, ila neno likishaniingia sikioni halitoki. Alivyonipa ndivyo ninavyowapa.

Basi palikuwa na Nguchiro. Mnyama mdogo, mkia mrefu, mjane, ana watoto watano. Alikaa kwenye kichuguu karibu na mto. Na palikuwa na Kiboko. Kiboko mnamjua. Mdomo ule, tumbo lile.

Siku moja umeme ukaletwa kule porini. Waya ukaja, ukaja, ukaja, ukashushwa wapi? Pale pale kichuguuni kwa Nguchiro. Kiboko kusikia hivyo akatoka mtoni, chwapu, chwapu, chwapu, akasimama mlangoni.

"Nguchiro! Hama."

"Nihamie wapi, Bwana Kiboko, na watoto hawa?"

"Hilo si langu. Mimi nataka kucheza magari kwenye kompyuta, na majini umeme hauwekwi. Hama."

"Nitahama. Ila watu watasema Kiboko mzima, na ukubwa wote huo, kamnyang'anya mjane nyumba."

Kiboko kusemwa hapendi. Akasimama, akajikuna, akasema, "Basi sikuonei. Kila mtu aunde kompyuta yake kwa Fundi Kobe. Siku ya saba tushindane magari. Nikishinda, kichuguu changu. Ukishinda, kaa."

Alisema hivyo kwa kuwa alijua atashinda. Wanyama wote wakicheza naye mchezo wowote walikuwa wanamwachia, wanaogopa kukaliwa. Nguchiro naye akakubali. Asingekubali, watoto wangelala wapi?

Fundi Kobe alikuwa na kibanda. Anauza vifaa vya kompyuta vilivyokwisha kutumika. Hawa wawili hawakuwa na kitu cha maana cha kumpa. Kiboko alimlalia majani ya shambani mpaka yakalala chini yote. Nguchiro alimuulia nyoka chini ya meza. Na siku zote hizo Nguchiro alikuwa chini ya ile meza, macho kwa nyoka, masikio kwa fundi. Mteja anauliza, Kobe anaeleza, Nguchiro anasikia.

Kobe akampa kila mmoja kioo, sanduku na bodi ya kuchomekea vifaa, vya aina moja, havipitani. Akasema, "Kwa kazi mliyofanya, kadi ya picha hampati. Hiyo ni ya wenye uwezo. Chagueni prosesa na ramu."

"Bibi, prosesa ndiyo nini?"

Ndiyo inayofikiri, Siwema. Ubongo wake. Na ramu ni kibao chembamba kama kitana. Ndipo kompyuta inapoweka mambo ya sasa hivi, kama mimi ninavyoweka chumvi na vitunguu karibu na jiko, nisiende stoo kila mara. Usinikatize tena.

Kobe akaweka prosesa mbili mezani. Moja ina akili kumi na mbili. Moja ina akili sita. Akasema, "Niulizeni, niwaambie."

"Mimi siulizi," akasema Kiboko. "Mimi nachagua."

Nguchiro alijua. Ile ya kumi na mbili haina picha ndani yake, pasipo kadi ya picha kioo hakiwaki. Ile ya sita picha imo humo humo. Basi akaanza kulia. Wii! Wii! Wii!

"Bwana Kiboko, mimi mnyonge, niachie hiyo ya kumi na mbili!"

"Nikuachie wewe? Lete hapa!" Kwapu! Kiboko akaichukua.

Kobe akaweka ramu. Moja kubwa ya kumi na sita. Mbili ndogo, za nane nane. Akasema, "Niulizeni, niwaambie."

"Mimi siulizi. Mimi nachagua."

Wii! Wii! Wii! "Bwana Kiboko, mimi mnyonge, niachie hiyo kubwa!"

"Nikuachie wewe? Lete hapa!" Kwapu! Kiboko akaichukua.

Nguchiro akaokota zilizobaki, akaenda zake anapangusa machozi.

Siku ya sita wakajaribu kompyuta zao pale kichuguuni. Nguchiro akabonyeza, ti! Kioo kikawaka. Kiboko akabonyeza, feni vuuuu! Taa zikawaka, nyekundu, kijani. Kioo giza. Akabonyeza tena. Vuuuu! Giza. Akakipiga kofi. Giza.

Huyo, mpaka kwa Kobe. "Umenipa mbovu!"

"Si mbovu. Haina picha ndani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza."

Bahati yake Kobe alikuwa na nyingine ya akili sita, sawasawa na ya Nguchiro. Akambadilishia. Kiboko akarudi, na Kobe nyuma yake aone inavyowaka. Kiboko akaichomeka, akabonyeza. Kioo kikawaka! Akafurahi, akatingisha mkia. Kisha akaacha kutingisha. Kiboko mlafi, lakini si mjinga kabisa. Akakaa chini, gubu! Akaanza kufikiri.

"Nguchiro."

"Naam, bwana."

"Ile prosesa uliililia."

"Niliililia."

"Ikawa haifai."

"Ikawa haifai."

"Na hii ramu kubwa nayo uliililia."

Kiboko akanyoosha mkono taratibu kwenye sanduku la Nguchiro, kule kwenye zile ramu mbili ndogo. Angelia, Kiboko angejua ni ujanja. Angekataa, Kiboko angechukua kwa nguvu. Nguchiro akaona limebaki moja tu. Akasema kweli.

"Umenigundua, Bwana Kiboko. Hizi mbili ndizo nzuri. Zinafanya kazi pamoja, kama wanawake wawili kwenye kinu kimoja, huyu akiinua mchi yule anashusha. Hiyo yako iko peke yake, itakuchelewesha. Chukua hizi, nipe hiyo."

Watoto wake wakaruka. "Mama! Umerogwa?"

"Nyamazeni. Chukua, bwana. Tafadhali."

Mkono wa Kiboko ukasimama hewani. "Tafadhali?"

"Tafadhali. Nakuomba."

Kiboko akamtazama. Akatazama ramu. Akamtazama tena. Kisha akacheka, ho! ho! ho! mpaka mchanga wa kichuguu ukamwagika. "Mara hii hunipati! Juzi ulinililia nikachukua, leo unanibembeleza nichukue! Unaitaka hii yangu, eti? Kaa na vitana vyako, mama wee!"

Akaondoa mkono. Nguchiro akainamisha kichwa, kama mtu aliyeshindwa.

Siku ya saba wanyama wakajaa. Kobe ndiye mwamuzi. Akasema, "Kabla sijaanzisha, yuko wa kuniuliza kitu?"

"Mimi siulizi!" akasema Kiboko. "Anzisha!"

Magari yakatoka. Gari la Nguchiro likaenda swiii, swiii, swiii, kama samli kwenye kaango la moto. Gari la Kiboko likaenda kwa... kwa... kwama. Kona ya kwanza, picha ikasimama. Ilipokuja kuendelea, gari limo mtaroni. Akalitoa. Kona ya pili, picha ikasimama. Ilipokuja kuendelea, gari liko juu ya mti. Akalishusha. Kona ya tatu alipofika, Nguchiro keshamaliza, keshanawa mikono, anawamenyea watoto mayai.

Wanyama walitaka kushangilia, wakamtazama Kiboko, wakakohoa.

Kiboko akamgeukia mwamuzi. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akasema, "Fundi Kobe, nakuuliza."

"Uliza."

"Prosesa zetu sawa. Yangu kumi na sita. Zake nane na nane, nazo ni kumi na sita. Kwa nini gari langu lilikuwa linakwama?"

Kobe akasema, "Kama huna kadi ya picha, picha inakula kwenye ramu. Ramu moja ni mlango mmoja. Ramu mbili ni milango miwili. Nyumba imewaka moto, watu wako wanatoka mlango mmoja, watu wake wanatoka milango miwili. Nani wanawahi?"

Kiboko akapumua, fuuu! "Sasa neno kama hilo, kwa nini Nguchiro hakuniambia?"

Kobe akamtazama. "Mbona alikwambia."

Basi. Kiboko akainuka, akaacha kompyuta, akaacha na kiti, akashuka mtoni, chwapu, chwapu, chwapu, akazama mpaka puani. Mpaka leo mkimwona mtoni ametoa masikio tu juu ya maji, anayachezesha, mjue bado anasikiliza kama yuko mwingine atakayemwambia kweli. Na Nguchiro akakaa kichuguuni na watoto wake watano, na umeme wake, hakuna aliyemuuliza kitu.

Funzo la ngano hii, wajukuu zangu, semeni kweli. Kweli ni ngao, haimtupi mwenye nayo. Lakini huyo wa kumwambia kweli, mdanganyeni kwanza mara mbili, ndiyo kweli ipate nguvu.

"Kwa hiyo tudanganye, bibi?"

Nani kasema? Siwema, wewe masikio yako yana nini? Nimesema semeni kweli. Na mkubwa wenu anapochagua, mwacheni achague kwanza, ndiyo adabu.

Ngano imefika kwao, nami nimefika kwangu. Ikiwa tamu, tumeila sote. Ikiwa chungu, nimeipika peke yangu. Haya, kunjeni mkeka, mkalale.