Nanasi la Kuonja

Bi Sikudhani alikuwa na ujanja wa kukupimia debe zima na bado akabaki nao. Ila Bwana Chambuso, mwenye shamba kubwa kuliko wote, alimshinda kwa tumbo. Katika soko la Kwamkwaju anayeonja halipi mpaka akiri kwamba tunda ni tamu, na Chambuso hakuwahi kukiri. Kila gulio alimmalizia mama wa watu mananasi.

Jumanne moja alifika alfajiri, akasukuma kikapu chake cha mananasi ya kuuza chini ya meza ya Sikudhani.

"Niangalizie, nakwenda kunywa chai. Nikirudi naonja."

"Karibu sana, baba."

Alirudi soko limefurika. Sikudhani akamenya nanasi, maji yakamchuruzika mpaka kiwikoni.

"Vipi, baba?"

"Bado sijajua. Menya jingine."

Akamenya la pili, la tatu, la nne. Chambuso alitafuna huku amefumba macho.

"Sema basi, watu wasikie!"

"Machachu!" akanguruma, akijifuta kidevu. "Hata mbuzi wangu hali uchafu huu!"

Wanunuzi wakaanza kuondoka. Chambuso akacheka, akainama kuvuta kikapu chake aanze kuuza. Kikaja chepesi.

"Mbona yamepungua?"

"Yangu yaliisha ukiwa kwenye chai, baba. Ningekunyimaje kuonja? Nikakumenyea yako."

Chambuso akawakimbilia wanunuzi. "Rudini, jamani! Ni matamu! Wallahi matamu!"

Sikudhani akakinga kiganja. "Umekiri, baba. Sasa nilipe ujira wa kumenya."